Je, wajua kwa nini Abraham Lincoln alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuinua meli?

Tarehe 22 Mei 1849, Marekani ilitoa hataza namba 6469 kwa mwanasheria wa Springfield, Illinois, aliyekuwa ametoka kumaliza muhula wake pekee katika Baraza la Wawakilishi. Ilihusu namna ya kuivusha meli kwenye maji haba bila kupakua shehena. Mwanasheria huyo ni Abraham Lincoln, na mpaka leo hakuna rais mwingine wa Marekani aliyewahi kupata hataza.

Wengi wakisikia habari hii hudhani kwamba kifaa chake kiliokoa meli kwenye mto Mississippi. Hakikuokoa hata moja, kwa sababu hakikuwahi kuundwa kwa ukubwa wake halisi. Dhana hiyo hutokana na kuichukulia hataza kama cheti cha ubora. Chini ya sheria ya mwaka 1836, raia alilipa dola 30, akaleta maelezo, michoro na mfano mdogo wa kifaa, kisha mkaguzi akapima kama wazo ni jipya na lina manufaa. Hakuna aliyedai kuona meli nzima ikinyanyuka. Mwombaji alipata haki ya kuwazuia wengine wasitumie wazo lake kwa miaka 14. Kama linalipa au halilipi, hilo liliachiwa wenye meli. Mfano wa mbao alioupeleka Lincoln, uliotengenezwa kwa msaada wa fundi wa Springfield, bado umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington.

Wazo lenyewe lilitoka mtoni. Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, Lincoln alikuwa kwenye mashua bapa iliyokwama juu ya ukuta wa bwawa la kinu pale New Salem, mto Sangamon. Sehemu ya mizigo ilipakuliwa, naye akatoboa tundu upande wa mbele uliokuwa ukining'inia nje ya ukuta huo, maji yaliyokuwa yameingia ndani yakatoka na mashua ikapita. Mwaka uliofuata aligombea ubunge wa jimbo akiahidi kuuboresha mto huo, akashindwa. William Herndon, mwanasheria mwenzake, ndiye anayesimulia kisa cha meli iliyokwama mwaka 1848 na nahodha akaamuru mapipa matupu yasukumwe chini yake. Herndon aliyaandika hayo wakati Lincoln ameshafariki miaka mingi, kwa hiyo kisa cha New Salem kina mizizi imara zaidi.

Sasa kifaa. Ubavuni mwa meli kulikuwa na mifuko ya kitambaa cha mpira, iliyokunjwa kama mivukuto. Meli ikifika penye maji haba, kamba na makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) vilisukuma nguzo chini, mifuko ikafunguka, ikajaa hewa na kuingia majini.

Ukitaka kujua shida iko wapi, chukua dumu tupu lililofungwa kifuniko, ulisukume ndani ya pipa la maji. Linakusukuma juu kwa nguvu ileile unayolisukumia chini, na kadiri linavyozama ndivyo mikono inavyochoka. Tuseme chombo cha mtoni kina urefu wa mita 50 na upana wa mita 8. Kukipandisha sentimita 10 tu, mifuko lazima isukume pembeni mita za ujazo 40 za maji, yaani tani 40. Nguzo zile zingelazimika kuihimili nguvu yote hiyo, zikiwa zimeshikiliwa kwa kamba. Isitoshe, nguzo, makapi na mifuko vina uzito wake, na vingeizamisha meli kidogo zaidi siku zote ambazo haijakwama. Kanuni ni sahihi kabisa. Gharama yake ndiyo nzito.

Mimi navutiwa zaidi na faida aliyoipata kazini. Lincoln aliujua mto kwa mikono yake. Mwaka 1856 meli ya mvuke Effie Afton iligonga daraja la reli la Rock Island kwenye mto Mississippi, ikaungua, na wenye meli wakashtaki. Mwaka 1857, huko Chicago, Lincoln aliitetea kampuni ya daraja, akiwaeleza wazee wa baraza kasi na mwelekeo wa mkondo pale nguzoni. Wazee hawakuafikiana, na daraja likabaki.