Jazz ya Western Jazz na jazz ya Masekela

Mwezi huu nimelisikia neno "jazz" likikosewa mara tatu, na ya tatu ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mara ya kwanza ilikuwa kwa kinyozi, Magomeni. Redio ilikuwa inapiga wimbo wa Western Jazz, bendi yetu ya zamani, kijana mwenye mashine akasema, "Hizi ndizo jazz zenyewe, za wazee." Mzee aliyekuwa akisubiri zamu akamkata hapohapo: hiyo si jazz, hao hawakuijua jazz, waliiba jina tu. Wiki iliyofuata, kwenye ukumbi wa harusi Sinza, mshereheshaji alimkaribisha kijana wa saksafoni "atupatie jazz kidogo", na kijana akapuliza wimbo wa bongo fleva, noti kwa noti, kama ulivyorekodiwa. Watatu hao wote wamekosea, kila mmoja kwa namna yake, na kosa la yule mzee ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu limevaa nguo za ujuzi.

Maana kwanza, tuimalize. Jazz ni muziki wa Wamarekani weusi, uliokulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambao roho yake ni mpigaji kubuni papo hapo juu ya wimbo unaojulikana. Wimbo unatajwa mara moja, kisha kila mpigaji anauzungukia kwa njia yake, na kesho hataupita palepale. Mwenye kusikiliza taarab ya zamani ya Unguja anaijua hali hiyo: mpiga udi anapoachiwa taksimu, yaani nafasi ya kubuni peke yake, wenzake wakanyamaza wakimsubiri arudi. Basi. Chombo hakihusiki, umri wa wimbo hauhusiki, na upole wa taa za hotelini hauhusiki kabisa.

Neno lenyewe ndilo lenye safari. Halikuanzia kwenye muziki. Mwaka 1912 huko California lilikuwa neno la mtaani la wacheza besiboli, likimaanisha nguvu, uchangamfu, mpira wenye vitimbi. Miaka mitatu baadaye likawa Chicago, limeshagandishwa kwenye muziki. Sahani ya kwanza ya muziki huo ilitoka 1917, na bendi iliyoirekodi ilijiandika kwa "Jass", kwa herufi s mbili, maana tahajia ilikuwa bado haijatulia. Wapigaji wenyewe wengi hawakulipenda. Duke Ellington, kiongozi wa bendi mashuhuri wa Marekani, alikwepa kufungiwa ndani yake. Kwa hiyo anayedhani neno hili lina mwenyewe mmoja na mipaka iliyochorwa tangu mwanzo, hakuna siku lilipokuwa hivyo, hata kwao.

Likaja kwetu. Hapa lilikuta watu walioshazoea vyombo vya shaba. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilikuwa imeenea pwani na bara, vyama vyake vya Marini na Arinoti vikishindana kwa gwaride, sare na matarumbeta tangu zama za Mjerumani. Dar es Salaam Jazz Band inatajwa kuanza mwaka 1932. Kuanzia mwaka uliofuata zikaingia santuri za mfululizo ulioitwa GV, zenye muziki wa Cuba, na vijana wa mjini wakanata nazo. Wakati huo ukisema "jazz" hapa mjini hukumaanisha kilichokuwa kikipigwa New Orleans. Ulimaanisha bendi ya kisasa: ina magitaa, ina shaba, inapiga dansi ukumbini, watu wamevaa viatu na wanacheza wawili wawili. "Jazz" lilikuwa neno la aina ya bendi, kama leo "Sound" au "Band" ilivyo mwishoni mwa jina. Ndiyo maana tulikuwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoundwa 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma. Kinshasa nao vilevile: African Jazz ya Kabasele, O.K. Jazz ya akina Franco, na hiyo O.K. asili yake ni jina la baa.

Sasa mzee wangu wa Magomeni anaposema waliiba jina bila kujua, namwomba aangalie jambo moja. Bendi hizo hazikuuita muziki wao jazz. Muziki waliuita dansi, na ndani ya dansi kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina lake: Western Jazz Saboso, Morogoro Jazz Sululu, NUTA Msondo. Mtu aliyebatiza mtindo wake Saboso hajachanganyikiwa kuhusu anachopiga. Anajua kabisa, na amekipa jina la peke yake. Wanaochanganyikiwa ni sisi tuliokuja baadaye, tunaosoma jina la bendi kama kibandiko cha chupa.

Mtu anayenisaidia kulieleza hili ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta, kwa sababu yeye aliipiga jazz yenyewe kisha akatoka nje ya uzio wake.

Alizaliwa 1939 Witbank, Afrika Kusini. Tarumbeta yake ya kwanza alipewa na kasisi wa shule yake, Trevor Huddleston, ndiye huyohuyo aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Masasi kwetu, kuanzia 1960 hadi 1968. Wazee wa Masasi wanamkumbuka kwa mambo ya kanisa, na wachache wanaojua kwamba mikono hiyohiyo ndiyo iliyomtia Masekela tarumbeta mkononi. Huddleston alipokutana na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazz, huko Marekani, Armstrong akatuma tarumbeta kwa bendi ya vijana wale. Mwaka 1959 Masekela alikuwa kwenye bendi ya Jazz Epistles, pamoja na Abdullah Ibrahim, Jonas Gwangwa na Kippie Moeketsi. Hiyo ilikuwa jazz bila ubishi. Machi 1960 yakatokea mauaji ya Sharpeville, polisi walipowapiga risasi waandamanaji weusi, na mwaka huohuo akaondoka nchini. Hakurudi kuishi kwao hadi 1990.

New York alisoma muziki na akataka kupiga kama wakubwa wa pale. Miles Davis, mpiga tarumbeta mwingine mkubwa wa jazz, ndiye aliyemshauri atie vitu vya kwao. Akatia: marabi na mbaqanga, muziki wa vilabu na vitongoji vya Johannesburg. Matokeo yake 1968 wimbo wake usio na maneno, unaofunguliwa na kengele ya ng'ombe, ukashika namba moja Marekani. Ukimuuliza mtu wa maduka ya santuri autie kwenye rafu gani, angekuna kichwa.

Septemba 1974, Masekela na mwenzake Stewart Levine wakaandaa tamasha kubwa Kinshasa, lililopangwa kuendana na ngumi za Ali na Foreman. Walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Miriam Makeba. Na walipanda Franco na O.K. Jazz. Hebu tazama hapo: mwandaaji ni mpuliza tarumbeta wa jazz ambaye muziki wake haujiiti jazz tena, na jukwaani iko bendi iitwayo Jazz ikipiga rumba. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Nimetaja tarumbeta, nalo lina mgogoro wake. Mjini hapa kila kinachopulizwa kwenye msafara wa harusi huitwa tarumbeta, na picha za Masekela zinazungushwa zikiandikwa "mpiga saksafoni". Saksafoni, ambayo wengine huiita mdomo wa bata, inatoa sauti kwa ulimi wa mwanzi. Tarumbeta haina mwanzi, ni midomo ya mtu. Mzee mmoja wa matarumbeta wa Temeke alinionyesha. Chombo chake kilikuwa kimebonyea kwenye bakuli, kitufe kimoja kimefungwa mpira wa manati. Akachomoa kipande cha mdomoni, akakipuliza peke yake, kikalia kama nyuki ndani ya kopo. "Vitufe vitatu tu," akasema, "nyingine zote ziko hapa," akijigusa mdomo. Na Masekela, hasa uzeeni hadi alipofariki Januari 2018, mara nyingi alishika flugelihoni: vitufe vilevile vitatu, lakini bomba limetanuka zaidi na sauti ni ya mviringo, kama mtu anayeongea akiwa na usingizi kidogo.

Siku hiyo mzee yule alikuwa juu ya pikapu, mbele ya gari la bibi harusi. Walikuwa wanapiga wimbo ambao kila mtu anaujua. Mashangazi walipoteremka na kanga zao na mmoja akaanza kucheza palepale barabarani, yeye hakuumaliza mstari. Aliuvuta, akaupindisha, akamjibu shangazi kwa kila bega alilotikisa, hadi wapiga ngoma wakageuka kumtazama ataishia wapi. Kisha akaurudisha mahali pake.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa mashine ya kunyolea, ule uliokuwa redioni ni dansi, na mtindo wake ni Saboso. Mzee wangu, hawakuiba jina, walilitumia kwa maana iliyokuwa yake siku zile. Na ndugu mshereheshaji, kijana wako wa saksafoni alipuliza vizuri sana. Ila ukitaka kuiita jazz, siku nyingine mwombe aurudie wimbo uleule mara ya pili, na umwache asiurudie.