Mbwa mzee uliyempokea na vidonge vyako vya maumivu: maswali na majibu

Hapa Malindi watu wengi wenye huruma hupokea mbwa wazee walioachwa au kuokotwa barabarani, wakawalea hadi wapate makao ya kudumu. Mungu awalipe. Lakini mbwa haohao huletwa kwetu kwenye matibabu ya mifugo wakitapika damu, na nikiuliza walipewa nini, jibu ni lilelile: kidonge cha maumivu cha binadamu.

Mbwa huhesabiwa mzee lini?
Mwenye mwili mkubwa, akifika miaka 7 hivi. Mdogo, karibu 10.

Magonjwa sugu ya mbwa mzee ni yapi?
Ni yale yasiyopona ila hudhibitiwa: maumivu ya viungo, figo, moyo, kisukari. Meno mabovu nayo humkosesha raha ya kula.

Asubuhi huamka kwa shida na anachechemea. Nimpe nusu ya Brufen?
Hapana. Wala robo. Brufen na diklofenaki hukaa mwilini mwa mbwa muda mrefu kuliko kwetu, zikamtia vidonda vya tumbo na kuua figo. Na figo za mzee huenda zimeshachoka hata kabla hujamgusa.

Jirani alimpa wake, akapata nafuu.
Maumivu yalitulia, hilo nakubali. Vidonda vya tumbo huanza bila kelele. Jibu langu halibadiliki: hapana.

Basi Panadol?
Hapana, usijiamulie. Ikizidi kipimo huharibu ini. Na paka wako akilamba hicho kidonge, kimoja tu chatosha kumuua.

Nimeshampa. Ningoje nione hali yake?
Usingoje! Usingoje atapike, usingoje kinyesi kiwe cheusi kama lami. Hiyo tayari ni damu. Chukua pakiti, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, useme ni vidonge vingapi na alipewa saa ngapi. Usifiche kwa haya, hakuna atakayekugombeza. Na tafadhali, maziwa na mafuta ya nazi si dawa ya sumu. Msimnyweshe.

Maumivu yatatulizwa na nini?
Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Daktari humpima uzito, na kwa mzee hupima damu kwanza aone figo na ini. Nyumbani, mtandikie godoro kuukuu badala ya kumlaza kwenye saruji, mtembeze alfajiri na jioni, hasa joto la kaskazi likipamba moto, wala usimnenepeshe.

Anakunywa maji mno na kukojoa barazani. Nimpunguzie maji?
Hapana. Huenda ni figo, na kumnyima maji mbwa mwenye ugonjwa wa figo ni kumuua. Figo hazionyeshi dalili hiyo mpaka takriban theluthi mbili ya kazi yake imepotea, kwa hiyo usiseme "ni uzee tu" ukakaa mwezi mzima. Mpeleke akapimwe. Ng'onda na mabaki yenye chumvi, acha kabisa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa je?
Apewe kila mwaka, hata akiwa mzee. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ni usiku, analia, na daktari yuko mbali. Kidonge kimoja tu?
Hapana. Mpigie daktari simu, mweke mbwa penye ubaridi, maji karibu naye. Ufizi ukigeuka mweupe, au akihema kwa shida hali amelala, usisubiri kuche: tafuta gari.