Kijana Mpya Kazini: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

"Huyu ana akili, atajifunza kwa kutazama." Kauli hii ni ya kawaida katika ofisi za uwakala wa forodha zilizo karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, na kwa maoni yangu hakuna dhana inayowaumiza wafanyakazi wapya kuliko hii. Ukweli ni kwamba kutazama humfundisha mtu mikono inavyokwenda, si sababu ya kwenda hivyo. Karani mzoefu anapokagua ankara na hati ya shehena kabla ya kujaza fomu za forodha, kazi yenyewe hufanyika kichwani mwake: hupima kama maelezo ya bidhaa yanalingana na nambari ya ushuru, yaani ile inayoonyesha bidhaa iko katika kundi gani la kutozwa kodi, na kama uzito ulioandikwa katika hati moja ndio ulio katika nyingine. Kijana aliyeketi kando yake huona vidole vikibonyeza vitufe tu. Siku akiachiwa peke yake na kukosea nambari, kontena hukwama bandarini, ada za kulihifadhi zikaanza kuhesabiwa, na lawama zote zikamwangukia yeye.

Dawa yake haihitaji bajeti. Mzoefu aseme sababu kwa sauti huku akifanya, kisha wabadilishane viti, kijana afanye na mkubwa wake atazame, na kosa lisahihishwe papo hapo. Fundi wa majahazi hakuwa na cheti cha ualimu, lakini mwanagenzi aliyekata ubao vibaya aliambiwa kabla ya kuugusa wa pili. Ofisini mtu husubiri miezi mitatu ndipo aelezwe alichokosea wiki ya kwanza.

Wengine hudhani kwamba aliye katika kipindi cha majaribio hana haki yoyote, na kwamba kipindi hicho kinaweza kurefushwa apendavyo mwajiri. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, mkataba wa majaribio ni lazima uwe wa maandishi, muda wake hauzidi miezi 6, na kuuongeza kwa miezi mingine isiyozidi 6 kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi mwenyewe. Upande wowote ukitaka kuuvunja hutoa ilani ya siku 7, au mwajiri hulipa mshahara wa siku hizo. Mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira waliamua kwamba hata mfanyakazi wa majaribio hastahili kunyimwa nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi.

Ipo pia hofu kwamba kijana akishafundishwa ataondoka na ujuzi wake. Wapo wanaoondoka, hilo halikanushwi na yeyote. Ila aghalabu huondoka kwa sababu ya malipo au kwa kutoona mbele kuna nini, na kumnyima mafunzo hakuponyi lolote kati ya hayo. Tena mwajiri hulipa ada ya mafunzo ya viwanda ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akitoa mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kuomba kurudishiwa gharama. Nafasi ya kufundisha nayo haikosekani: hoteli za Nyali na Bamburi hupungukiwa na wageni wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni. Sijui ni wakati gani mwingine ungefaa zaidi kumzungusha kijana kutoka mapokezi hadi jikoni.

La mwisho ni kudhani kwamba asiyeuliza ameelewa. Kijana aliyelelewa hapa Mwambao amefunzwa kutomkatiza mkubwa, na akiulizwa "Umeelewa?" atajibu ndiyo kwa heshima tu. Afadhali aambiwe, "Hebu nieleze utaanzia wapi," kisha aachwe aeleze mpaka amalize.