Kubadilishana wahadhiri kati ya vyuo vya dini: maana yake

Vyuo viwili vya nchi mbili vinakubaliana: mwalimu wa huku aende kufundisha kule kwa muhula au mwaka, wa kule aje huku, kisha kila mmoja arudi kwenye ajira yake. Huko ndiko kubadilishana wahadhiri. Mhadhiri wa Makumira, chuo kikuu cha Kilutheri cha Arusha, akienda Marekani kusomea shahada ya uzamivu, huo ni ufadhili wa masomo. Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, nayo hupeleka walimu nchi nyingi za Afrika, lakini huko ni kupeleka tu. Hakuna anayetakiwa kwenda Cairo kushika nafasi zao.

Vyuo vya dini aghalabu hupata marafiki kupitia kanisa kabla ya ofisi ya mkuu wa chuo. Dayosisi ya Iringa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na sinodi, yaani dayosisi, ya Kilutheri ya Saint Paul, Minnesota, Marekani, zina ushirikiano wa tangu miaka ya 1980 unaoitwa Bega kwa Bega, na Chuo Kikuu cha Iringa ni zao la dayosisi hiyohiyo. Njia ikishafunguliwa hivyo, mhadhiri mgeni hafiki kwa watu baki. Atapokewa na usharika, na Jumapili ya kwanza atasimamishwa asalimie. Swali la dhehebu lake huwa zito akija kufundisha theolojia. Akija na hesabu au uhasibu, wengi hawamhoji sana.

Mara nyingi mgeni huyo yuko kwenye likizo ya sabato, yaani muda wa kupumzika kufundisha anaopewa mhadhiri baada ya miaka kadhaa ya kazi. Jina lenyewe lina asili ya Biblia: Mambo ya Walawi 25 inaagiza shamba lipumzishwe mwaka wa saba. (Wahadhiri wengi hawapumziki, wanaandika vitabu.)

Kalenda nazo hupishana. Muhula wa Marekani huanza mwishoni mwa Agosti, wakati Tanzania vyuo hufungua Oktoba au Novemba.

Penye ugumu hasa ni fedha. Utaratibu uliozoeleka ni kila mtu aendelee kulipwa na chuo chake, mwenyeji atoe nyumba. Kwenye karatasi ni sawa kwa sawa. Lakini mshahara wa Minnesota unatosha na kubaki Iringa. Wa Iringa hautoshi kupanga hata chumba Minnesota. Halafu vipindi: chuo chenye uwezo kitamwajiri mwalimu wa muda, ila idara yenye wahadhiri watatu ikitoa mmoja, wawili waliobaki ndio watakaobeba madarasa yake na kusahihisha mitihani yake. Hapo mkuu wa idara anasita kutia sahihi, na si kwa roho mbaya. Mwisho wake wageni wanakuja kila mwaka, wenyeji hawaendi, na jina linabaki kubadilishana.

Kwa hiyo mkataba ukiwekwa mezani, mimi ningeanza na kurasa za nyuma, kutafuta mambo mawili: posho kutoka chuo mwenyeji kwa anayetoka chuo chenye mshahara mdogo, na nani atashika vipindi vyake akiwa safarini.