Volkswagen iliyotumika: soma herufi za injini kabla ya kuuliza kilomita

Mtu akienda kuangalia Golf au Passat iliyotumika, maswali yake huwa matatu: ya mwaka gani, imetembea kilomita ngapi, bei ya mwisho ni ipi. Hayana ubaya, ila yanakuja mapema mno. Swali la kwanza liwe: injini ipi, giaboksi ipi? Golf imekuwa sokoni tangu 1974, na kila kizazi chake kimebeba injini nyingi. Ndani ya kizazi kimoja utakuta injini ya kudumu na injini ya kufilisi, zote chini ya boneti zinazofanana, na mara nyingine kwa maandishi yaleyale mgongoni mwa gari.

Chukua Golf mbili zilizoandikwa 1.4 TSI, yaani injini ya petroli yenye turbo. Moja ni ya kizazi cha sita, kilichoanza 2008, na injini yake ina herufi CAXA. Nyingine ni ya kizazi cha saba, kilichoanza 2012, na herufi zake ni CZCA. Muuzaji atakuambia ni injini ileile, imeboreshwa tu. Si kweli. CAXA ni ya familia ya EA111, ambayo taimingi yake, yaani ufunguaji wa valvu kwa wakati wake, huendeshwa kwa cheni. Cheni hiyo inajulikana kwa kurefuka, na kifaa kinachoikaza hulegea. Ikiruka meno, valvu hugongana na pistoni na kazi inakuwa ya kufungua injini nzima. CZCA ni ya familia ya EA211, iliyosanifiwa upya, na taimingi yake ni ya belti. Belti nayo ina ratiba yake ya kukaguliwa, lakini haina ule ugonjwa wa cheni.

Herufi hizo hazihitaji fundi kuzitafuta. Fungua buti, inua kapeti, angalia kwenye shimo la tairi la akiba. Kuna kibandiko cha karatasi chenye namba ya chasisi, aina ya gari, nguvu za injini, herufi za injini na za giaboksi, namba ya rangi, kisha msururu wa vifupisho vya vifaa vilivyofungwa kiwandani. Nakala ya kibandiko hicho huwa pia ndani ya kitabu cha huduma. Linganisha vyote viwili na namba ya chasisi inayosomeka chini ya kioo cha mbele. Namba kamili ina tarakimu na herufi 17, na kamwe haina herufi I, O wala Q. Ukiziona, weka fedha zako mfukoni uondoke. Kibandiko cha buti kikiwa hakipo, uliza sababu, kwa sababu gari lililogongwa nyuma likabadilishwa bati la buti hukipoteza hivyo.

Wanaopenda nguvu hukimbilia 1.8 na 2.0 TSI, yaani familia ya EA888. Kizazi cha pili cha injini hizi, cha mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, kina ringi za pistoni nyembamba zenye matundu madogo ya kurudishia oili. Matundu yakizibwa na masizi, oili hubaki ukutani mwa silinda na kuungua. Vitabu vya mwenye gari vya Volkswagen vimekuwa vikiruhusu hadi nusu lita ya oili kwa kilomita 1,000. Fanya hesabu: katika kilomita 10,000 injini inaweza kunywa lita 5, zaidi au karibu sawa na oili yote iliyomo ndani yake, na karatasi bado ikasema ni nzima. Kwa hiyo usiridhike na kijiti cha oili kilichojaa siku ya kuuziwa. Kujaza ni kazi ya dakika moja. Tazama kama kuna kopo la oili lililobaki nusu kwenye buti. Ingiza kidole kwenye ekzosi ikiwa baridi, uone kama masizi ni makavu au yana unyevu wa mafuta. Kisha injini ikishapata moto, iache sailensi, bila kukanyaga mafuta, dakika chache, kisha ukanyage ghafla huku mwenzako akitazama nyuma. Moshi wa buluu hauna maelezo mazuri.

Sasa giaboksi, ambako nitakaa kidogo. DSG si otomatiki ya kawaida. Ndani yake kuna klachi mbili, moja ya gia witiri na nyingine ya gia shufwa, na kompyuta ndiyo inayozikanyaga. Ya gia 6 iitwayo DQ250, iliyoanza 2003, klachi zake zimezama kwenye oili, na oili hiyo pamoja na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Risiti ya kazi hiyo ikikosekana kwenye gari lenye kilomita 130,000, hesabu kwamba haijafanyika hata mara moja. Ya gia 7 iitwayo DQ200, iliyoanza 2008, klachi zake ni kavu, na hufungwa kwenye injini ndogo kwa sababu haikusudiwi kubeba msokoto unaozidi nyutonimita 250. Hii ndiyo yenye sifa mbaya: klachi hutikisika, na kile kitengo cha umeme na haidroliki kinachoitwa mekatroniki hufa bila kuaga. Machi 2013 Volkswagen iliyarudisha karakana magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa sababu ya giaboksi za DSG.

Kuipima hakutaki mwendo kasi, kunataka mwendo wa kobe. Tafuta mwinuko mdogo. Weka D, achia breki taratibu bila kukanyaga mafuta, uone gari linavyoanza kupanda. Kisha geuza gari, weka R, lipande kinyumenyume vilevile. Likitetemeka kama la mwanafunzi wa udereva anayeachia klachi vibaya, klachi zimechoka. Endesha kwenye foleni kama ipo, usikilize gia ya pili inavyoshuka kwenda ya kwanza unapokaribia kusimama. Ni hapo mshtuko hujificha. Mwisho, ukiwa umesimama na mguu uko kwenye breki, toka D kwenda R na kurudi mara kadhaa. Isichelewe, wala isipige kishindo. Herufi za gia zikimwekamweka kwenye dashibodi hata mara moja, giaboksi yenyewe imekwisha kukujibu.

Maoni yangu, na si wote katika kazi hii watakaokubaliana nami: anayenunua kwa bajeti ya kubana achukue gia za mkono. Hata hizo zina flaiwili yenye vipande viwili na springi, ambayo ikichoka hugongagonga injini ikiwa sailensi na kutoa kishindo unapozima, lakini bili yake inatabirika.

Kwa dizeli, historia inajulikana. Septemba 2015 mamlaka za mazingira za Marekani zilifichua kwamba programu ya injini za dizeli za Volkswagen ilikuwa ikitambua gari linapopimwa moshi na kubadili tabia kwa muda huo. Magari takriban milioni 11 duniani yaliguswa, yenye injini za EA189. Kama chuma, injini hizo ni ngumu na sioni sababu ya kuzikimbia. Uliza tu kama programu mpya iliwekwa, na kama valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, imebadilishwa baada ya hapo, kwa kuwa baadhi ya wamiliki walianza kulalamikia sehemu hiyo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni filta ya masizi. Hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo halifikiwi na gari la safari fupifupi. Mtu ambaye safari zake hazizidi robo saa anunue petroli.

Skoda Octavia na Seat Leon zimejengwa juu ya mifupa ileile ya Golf, kwa injini na giaboksi zilezile, kwa hiyo yote haya yanazihusu. Upande wa Wafaransa mambo ni mengine, ila kanuni haibadiliki: tafuta injini kwanza. Kwa mfano 1.2 PureTech ya Peugeot na Citroën ina belti ya taimingi inayofanya kazi ndani ya oili. Oili isiyofaa au yenye petroli nyingi huivimbisha na kuimenya, na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili, hata ile pampu inayofanya kanyagio la breki liwe jepesi. Belti hiyo inaonekana: fungua mfuniko wa oili, mulika kwa tochi. Ukiona nyufa au kingo zilizochanika, usiiwashe hata kwa majaribio. Stellantis, kampuni inayomiliki Peugeot na Citroën, yenyewe imepanua dhamana ya kasoro hiyo hadi miaka 10 au kilomita 175,000, kwa sharti kwamba gari limefanyiwa huduma kama ilivyoagizwa.

Sharti hilo ndilo linaloleta habari ya karatasi. Magari ya Volkswagen yaliuzwa na utaratibu wa huduma ya masafa marefu, hadi kilomita 30,000 au miaka 2 kati ya huduma moja na nyingine. Ofisi za kukodisha magari ziliupenda kwa sababu ni nafuu kwa miaka yao mitatu; gharama ilimngoja mnunuzi wa pili. Mihuri iliyopishana kwa kilomita 10,000 au 15,000 ina thamani kuliko rangi inayong'aa. Soma risiti, si mihuri pekee: iwe imeandika aina ya oili, kwa mfano VW 504 00 au 502 00, siyo "oili lita 5" basi.

Siku ya kuangalia gari, piga simu mapema uombe lisiwashwe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Mara nyingi utakuta joto, na jibu litakuwa: "Nimeiwasha kidogo tu, mkuu, ili usisubiri." Shukuru, omba kurudi kesho asubuhi. Cheni iliyorefuka hulia sekunde chache za kwanza tu, oili ikiwa bado haijapanda. Injini ikishapashwa, husikii kitu.

Kisha mashine ya kusoma kompyuta. Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya ya petroli kuwa na mfumo wa kujikagua hitilafu tangu 2001, na ya dizeli tangu 2004, na soketi yake yenye pini 16 iko chini ya usukani. Watu wengi husoma kama kuna hitilafu, wakikuta hakuna wanafurahi. Soma pia kama vipimo vya ndani vya moshi vimekamilika. Vingi vikiwa havijakamilika, basi mtu amefuta kumbukumbu muda mfupi uliopita, au betri ilitolewa. Kwenye Volkswagen nyingi kila hitilafu huhifadhiwa pamoja na kilomita zilizokuwapo ilipotokea. Hitilafu ya kilomita 212,000 ndani ya gari ambalo dashibodi yake inasema 118,000 inamaliza mazungumzo.

Bodi nitaipitia haraka. Rangi ya kiwandani huwa na unene wa kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 80 na 180 hivi. Kipimo kikipanda hadi mamia kadhaa imerudiwa, kikipita 1,000 chini yake kuna puti. Usisahau miguuni. Bonyeza kapeti kwa nguvu, mbele na nyuma, pande zote. Mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele na ya dirisha la paa huziba majani, maji yakaingia ndani, na katika Passat za kizazi cha B5 kompyuta ya milango na madirisha imelazwa chini ya kapeti hilohilo la dereva. Dirisha linalofanya kazi leo na kugoma kesho mara nyingi chanzo chake ni maji, si swichi.

Ukikubaliana bei, tenga fedha za huduma ya kwanza kabla hujatia sahihi: oili na filta, plagi, oili ya DSG kama ni ile yenye klachi zilizozama kwenye oili, belti ya taimingi pamoja na pampu ya maji kama hakuna risiti. Oili ya breki nayo. Volkswagen inataka ibadilishwe gari likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, liwe limetembea au limelala, na sijapata kuona muuzaji aliyekumbuka kuitaja.