Sanctimommy: hili neno limetokea wapi?

Ukikutana na neno sanctimommy usihangaike na kamusi za zamani, hulikuti humo, ni maneno mawili ya Kiingereza yamekatwa yakashonwa pamoja. La kwanza sanctimonious, yaani mtu anayejifanya mtakatifu kuliko wenzake, la pili mommy, mama. Na hiyo mommy inakuonyesha kabisa kwamba neno limezaliwa Marekani manake Waingereza wao wanaandika mummy. Hata sisi tunashona hivyohivyo, chakula cha jioni kimekuwa chajio, na jina Tanzania lenyewe mwaka 1964 lilitoka kwenye Tanganyika na Zanzibar.

Ukali wote uko kwenye kipande cha mbele. Sanctus kwa Kilatini ni takatifu, na sanctimonious zamani halikuwa neno baya, Shakespeare kwenye tamthilia yake The Tempest analitumia kwa taratibu takatifu za ndoa, ila huyohuyo kwenye Measure for Measure anamtaja haramia sanctimonious aliyeingia baharini na Amri Kumi akaikwangua moja tu, ile ya usiibe! Maana hiyo ya haramia ndo iliyobaki mpaka leo.

Sasa miaka ya 2000 kinamama wengi Marekani wakawa wanaandika habari za malezi kwenye intaneti, watu hawajuani kabisa lakini wanaulizana, ulijifungua kwa opresheni? unampa maziwa ya kopo? miezi sita bado na umeshaanza uji? Swali limevaa nguo ya ushauri ndani ni hukumu, na mama mwenye kichanga, hajalala siku tatu, anasoma hayo saa nane usiku analia. Huyo muulizaji ndo sanctimommy.

Ila tusichanganye. Mama anayekwambia mlaze mtoto chali anakupa elimu, madaktari wa watoto Marekani wanashauri hivyo tangu miaka ya 1990 na imeokoa vichanga wengi. Usanctimommy unaanza pale anapoichukua elimu hiyo kukuonyesha kwamba yeye ndo mama na wewe siyo.

Kinachoniuma mimi ni kwamba neno limemkamata mama peke yake, wakati baba mjuaji tunaye, shangazi tunaye, mama mkwe ndo usiseme. Halafu siku hizi mama akikumbusha tu habari ya chanjo, kwa upole kabisa, anarushiwa hilohilo ili anyamaze.