Bastola haitulii mkononi, na haihitaji kutulia

Mtu akishika bastola ya mashindano kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono mmoja kuelekea shabaha iliyo mita 10 mbele yake, kitu cha kwanza kumvunja moyo ni kwamba mkono unacheza. Kilengeo, kile kijinundu cha kulengea kilicho juu ya mtutu, kinapanda, kinashuka, kinalizunguka duara jeusi la shabaha. Anasubiri kitulie. Hakitulii. Pumzi inamwishia, jicho linachoka, halafu ghafla kilengeo kinapita katikati na yeye anavuta kifyatulio upesi asije akaikosa nafasi hiyo. Risasi inaangukia kwenye alama ya saba, chini kushoto, wakati katikati kabisa ni kumi. "Mkono wangu haufai," anasema.

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, na zamani niliisema mwenyewe. Si kweli, na sehemu kubwa ya dhana potofu za mchezo huu huzaliwa papo hapo, kwenye zile sekunde za kusubiri utulivu usiokuja.

"Mlengaji hodari ni yule ambaye mkono wake hauchezi"

Hakuna mkono wa binadamu usiocheza. Moyo unadunda, misuli inakaza na kulegea, mwili mzima unayumba kidogo juu ya nyayo. Mabingwa nao huyumba. Kwa mazoezi wamekufanya kuyumba huko kuwe kudogo na kwa taratibu, kisha wakaacha kupigana nako.

Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonitoa mimi kwenye hofu hii. Kwenye shabaha ya bastola ya hewa ya mita 10, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, na risasi yenyewe milimita 4.5. Risasi ikigusa tu mstari, unapewa alama ya juu. Kwa hiyo kitovu cha risasi kinaweza kwenda kombo karibu milimita 8 upande wowote na bado ukaandikiwa kumi. Mkono ukihama wote kwa pamoja, bastola ikabaki imenyooka, milimita 5 za mkono ni milimita 5 zilezile kwenye karatasi. Hujapoteza kitu.

Kosa la pembe ndilo linaloumiza. Tuseme kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna sentimita 33. Kilengeo cha mbele kikisogea milimita 1 ndani ya pengo la kile cha nyuma, risasi ikifika mita 10 itakuwa imekwenda kombo kama sentimita 3. Hapo umeshashuka hadi saba, na mkono wenyewe pengine ulikuwa umetulia kuliko siku zote! Anayehangaika kuuzuia mkono usicheze anatumia nguvu zake zote kwenye kosa dogo, huku kosa kubwa likipita bila kuonekana. Na ule mvuto wa ghafla wa kifyatulio ndio unaolizaa kosa kubwa.

"Kaza macho kwenye shabaha"

Hii nayo inaonekana ya busara: unachokitaka ndicho unachokitazama. Lakini jicho haliwezi kuona kwa ukali vitu viwili vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Ni ama kilengeo cha mbele, ama karatasi. Baada ya hesabu ile, uchaguzi hauna shaka. Ukali wa jicho ubaki kwenye kilengeo cha mbele: ukingo wake wa juu uwe sawa na wa kile cha nyuma, na mwanga wa kushoto ulingane na wa kulia. Duara jeusi liache liwe na ukungu. Wengi huelekeza vilengeo kwenye weupe ulio chini ya duara jeusi, kwa sababu hapo ukingo mweusi wa kilengeo huonekana vizuri. Jicho litakuponyoka na kukimbilia shabaha, hasa sekunde ile ya mwisho. Lirudishe. Hii ni kazi ya kila risasi, hata kwa waliozoea miaka mingi.

Kuhusu kufumba jicho moja, si lazima, na mara nyingi kunachosha uso mzima. Walengaji wengi huacha macho yote mawili wazi na kuliziba lile lisilolenga kwa kipande chepesi kinachopitisha mwanga, ambacho kanuni zinataka kisizidi upana wa milimita 30.

Yusuf Dikeç wa Uturuki hakutumia hata hicho alipopata medali ya fedha ya timu mchanganyiko Paris mwaka 2024, macho wazi, mkono wa kushoto mfukoni. Picha yake ilizunguka dunia nzima, na watu wakaamua kwamba huyu ni mtu wa kawaida aliyeingia uwanjani bila maandalizi. Ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Na mkono mfukoni ni ufundi: mkono usio na kazi ukiachwa unaning'inia, unauyumbisha mwili.

"Subiri kilengeo kifike katikati, kisha vuta"

Kanuni zinataka kifyatulio cha bastola ya hewa kiwe na uzito usiopungua gramu 500, na kwa mashindano ya mita 25 gramu 1,000. Hayo ni mazito ya kutosha kuipindua pembe ya bastola ukiyavuta kwa pupa.

Kuna zoezi moja la kale ambalo halimdanganyi mtu. Uwanjani, ukiwa na bastola ya .22, ile ya risasi ndogo za baruti, msaidizi wako anakujazia silaha bila wewe kuona. Mara anaweka risasi, mara haweki. Wewe unalenga na kufyatua kama kawaida. Ikija zamu ya chemba tupu, angalia ncha ya mtutu: hakuna mlipuko, hakuna teke, lakini mtutu unainama wenyewe, kifundo cha mkono kimekaza na bega limesogea mbele. Mwili ulikuwa umejiandaa kupokea kishindo kabla hakijatokea. Nimeona watu wakibaki wameduwaa wakijitazama mkono. Waliamini kwamba bastola yao ilihitaji kurekebishwa vilengeo.

Dawa yake ni kuanza kuongeza shinikizo kwenye kifyatulio mapema, bastola ikiwa inatua eneo lake, na kuendelea kuongeza kwa mfululizo wakati vilengeo vinayumba-yumba. Wengine hufundisha kwamba risasi lazima ikushtukize. Kwa anayeanza ni mafunzo mazuri, lakini si sheria ya kudumu. Kwenye bastola ya kasi ya mita 25 unapiga shabaha tano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Hapo hakuna nafasi ya kushtukizwa. Mlengaji anajua vizuri lini risasi itatoka, ila kidole hakibadili mwendo wake, na hicho ndicho cha kufundisha.

Na risasi ikitoka, usishushe mkono. Endelea kutazama kilengeo kwa sekunde moja au mbili, kisha useme imekwenda wapi kabla hujaangalia skrini. Ukisema "tisa, kulia" na ikawa tisa ya kulia, unaanza kujijua.

"Atakayepiga risasi nyingi ndiye atakayeendelea"

Risasi mia moja zenye kosa moja ni kulikariri kosa hilo mara mia. Walengaji wa ngazi ya juu hutumia saa nyingi sana kufyatua bastola tupu, mbele ya ukuta mweupe usio na shabaha yoyote. Bila alama ya kukimbilia, jicho hukaa kwenye kilengeo na kidole hujifunza. Lakini hapa sina mzaha: kagua chemba mara mbili, toa risasi zote nje ya chumba, na bado elekeza mtutu mahali salama. Bastola nyingi za hewa zina sehemu ya kufyatulia tupu. Za .22 baadhi zinaweza kudhurika, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza, au tumia ganda lililokwisha kutumika.

Kuzungusha vilengeo baada ya kila risasi mbaya ni dhana ya jamii hiyo hiyo. Piga kundi la risasi kwanza. Kundi likikaa pamoja lakini pembeni, rekebisha. Likitawanyika, kosa ni lako, wala skrubu haihusiki.

"Kipaji huzaliwa nacho, na bingwa haogopi"

Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, alikuwa akilenga kwa mkono wa kulia hadi mwaka 1938 guruneti lilipomlipukia na kuuharibu. Akajifunza kwa mkono wa kushoto. Akachukua dhahabu ya bastola ya kasi London 1948, na nyingine Helsinki 1952. Nino Salukvadze alipata dhahabu Seoul 1988 na bado alikuwa mstarini Paris 2024, Olimpiki yake ya kumi.

Hofu nayo haikwepeki. Inatamanisha mno kuizima kwa dawa, hata dawa za beta-bloka zinazopunguza mapigo ya moyo na mtetemo zimepigwa marufuku katika mchezo huu. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili Beijing 2008 kwa sababu hiyo. Moyo kwenda mbio fainali ni kawaida. Mwaka 2016 huko Rio, kwenye fainali ya mita 50 ambako anayebaki nyuma huondolewa, Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipiga 6.6. Risasi kama hiyo humpeleka mtu nyumbani. Alirudi kwenye risasi iliyofuata, kisha inayofuata, na akaondoka na dhahabu.

Hilo la "inayofuata" linafundishika, na silaha yake kubwa haina uhusiano na kufyatua. Ni kushusha. Katika mchujo wa mita 10 una dakika 75 kwa risasi 60, na hakuna anayekulazimisha kufyatua kila unapoinua. Pumzi ikishikwa zaidi ya sekunde nane hivi, uoni unaanza kufifia na mkono kucheza zaidi, lakini akili inasema "nimeshafika hapa, acha nimalize." Hapo ndipo saba nyingi huzaliwa. Kwenye mazoezi yako ya bastola tupu, kila unapoinua mara kumi, mara tatu shusha kwa makusudi hata kama vilengeo vimekaa vizuri: ondoa kidole, weka bastola mezani, vuta pumzi, angalia miguu yako, anza upya. Zoeza mwili mpaka kushusha kusikuume.